Mastaa wa runinga msitusahau Lamu

Mhariri, mimi ni mkaazi wa Langoni hapa Lamu. Ile tamthilia ya Sultana ilipoanza Citizen TV 2022, kwetu nyumbani ikifika jioni hakuna wa kugusa rimoti, maana wallahi raha ya kusikia Kiswahili cha pwani kwenye skrini haina mfano, Lulu Hassan na mumewe Rashid Abdalla wa kampuni ya Jiffy Pictures walioitengeneza nawapa hongera zao. Lakini kinachoniuma, mbona hadithi za pwani nyingi ni majini na uganga tu? Na mastaa waja Shela, wapiga picha na punda kisha hao washaondoka, vijana wetu wanaojua kuigiza wamekaa tu hapa uwanja wa Mkunguni. Leteni usaili huku jamani, Kiamu chetu, Kiswahili cha Lamu, nacho kisikike.

Mama wa Langoni, Lamu