Friji nimeliuza mwenyewe, kwanini nikalitetee kituoni saa nne usiku?

Ndugu Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu, maana nimelibeba toka Dar mpaka Dodoma na mizigo ilikuwa mingi tayari.

Mimi ni mama wa watoto wawili. Mume wangu kahamishiwa kikazi Dodoma, ofisi yao iko kule Mji wa Serikali Mtumba, yeye akatangulia mimi na watoto tukabaki Tabata tumalize muhula wa shule, na bahati nzuri kodi nayo ilikuwa inaishia hapo hapo mwezi wa sita. Sasa nyumba aliyopata huku ni vyumba viwili na sebule, ile ya Tabata ilikuwa vyumba vitatu na stoo, na stoo mnazijua, vitu unavyoingiza humo hata wewe mwenyewe unasahau. Nikaulizia Fuso, wakaniambia laki nane na nusu mpaka Dodoma na wabebaji nilipe mwenyewe huku na huku. Kilomita kama 450 hizo. Nikakaa nikapiga hesabu nikaona makochi yangu hata nikiyapata salama hayana thamani ya nusu ya hiyo nauli, ndo nikaamua nauza nusu ya nyumba, kitakachobaki kiingie kwenye Kirikuu basi. Jirani yangu kaja kuona tangazo akacheka mpaka akakaa chini, eti mama wawili unauza mtumba ili uende Mtumba.

Yeye alicheka kwa upendo, wengine hawakucheka. Kwetu ukitoa kochi nje kuuza watu wanaelewa jambo moja tu, kafulia. Mama mmoja wa mtaa wa nyuma alinifata jioni kwa sauti ya msibani kabisa, akaniuliza kama mzee bado yupo kazini, nikamwambia yupo ila kahamishwa, akasema "Mungu atafanya wepesi". Na kuna walioamini tumeachana tunagawana vyombo. Siku ya pili nikaandika kwa herufi kubwa kwenye status TUNAHAMA MKOA, na hata hapo bado mtu anakuuliza pembeni, kuna usalama lakini?

Status yenyewe ilinitia aibu nyingine. Kitchen party yangu niliondoka na hotpot tisa na chupa za chai sita, wanawake wenzangu mnajua, kila mmoja analeta hotpot kana kwamba ndoa ni mgahawa. Nikaweka picha za seti tatu ambazo hata plastiki yake sijaitoa, bei elfu ishirini na tano. Haijapita dakika kumi shangazi yangu wa Tanga ananiandikia, "Hilo la maua mekundu si langu mimi?" Nikajua nimekwisha. Nikamjibu shangazi nilikuwa nawaonyesha watu mfano tu. Hotpot la shangazi ninalo hapa Dodoma, limesafiri kwenye siti ya mbele na mimi nimelipakata.

Wanunuzi nao ni darasa lao. Kuna hawa wa "ipo?" Unamjibu ipo, kimya, kesho kutwa anakuuliza tena ipo? Kuna wa "bei ya mwisho" hajaja hajaona hata rangi, ukimwambia njoo uone kwanza anajibu we taja tu ya mwisho dada'angu. Kuna mawifi, hao hawaulizi bei, wanakuja wanakaa juu ya kochi wanalipapasa wanasema jamani hili kochi nililipenda toka siku ile, alafu wananyamaza wakusikilizie. Na kuna wale makini, hao nawapa heshima. Mzee mmoja alikuja kwa ajili ya kitanda cha mninga, sita kwa sita, akageuza mbao zote za chaga, akawasha tochi ya simu akawa anapita kwenye kila kiungo taratibu kama daktari, anatafuta kunguni. Nilichukia kidogo ila nikasema ana haki, kunguni mmoja anahamisha familia nzima. Hakuona kitu, akalipa laki tatu bila kelele. Godoro sikuuza, na nashangaa wanaoliuza, nililigawa bure kwa mlinzi baada ya kulianika juani siku mbili.

TV yetu ya zamani ile ya chogo, tuliifungia king'amuzi pale analojia ilipozimwa Dar tarehe 31 Desemba 2012, tukaihurumia tukaiweka stoo mpaka leo, fundi kaichukua kwa elfu kumi na tano kwa ajili ya vifaa vya ndani. Magazeti yenu mhariri mtanisamehe, nusu nimefungia glasi na sahani, nusu kamchukua muuza karanga, tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2019 gazeti limepanda cheo.

Madalali ndo sitaki hata kuwasema sana. Wakishajua una siku mbili umebakiza, anakuja na wenzie wawili wanazunguka nyumba wanaongea chini chini, alafu anakwambia vyote kwa pamoja laki tano, friji, makochi, kabati la vyombo, meza ya chakula na feni mbili. Laki tano! Ndo kosa langu lilipokuwa, nilianza kuuza zimebaki wiki mbili, ningeanza mwezi na nusu kabla nisingeisikia hiyo bei. Makochi niliyoyanunua milioni moja na laki mbili nikayatoa kwa laki tatu na nusu, nikajikaza.

Sasa friji, hapo ndo sababu ya barua yenyewe.

Friji langu lilikuwa zima, nililinunua dukani mwaka 2019 kwa laki nane na nusu, na mimi nina tabia moja mama yangu kanifundisha, risiti na karatasi ya waranti vinakaa kwenye bahasha moja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Akaja dada mmoja wa Buguruni anauza barafu za ubuyu, alikuwa anagandishia kwa jirani yake kwa kulipia umeme, anatafuta la kwake. Nililiacha limewashwa makusudi, mtu akija kuona friji lililozimwa hawezi kukuamini na hata mimi nisingeamini. Akafungua akagusa barafu kwa juu akacheka. Tukakubaliana laki tatu na elfu themanini, akanirushia kwenye simu pale pale, nikasubiri salio lionekane ndo nikazima friji, maana siku hizi meseji za miamala feki zimejaa, mtu anakuonyesha "umepokea" kumbe kaiandika mwenyewe. Nikamwambia na la mwisho, lisilazwe njiani, libebwe limesimama, na mkifika msiliwashe hapo hapo, liacheni masaa kadhaa kwanza, likilala oili ya kompresa inapanda kwenye mabomba na ukiliwasha haraka unaliua. Akashukuru. Mdogo wake angekuja na guta jioni akitoka kazini.

Kijana akaja saa mbili na nusu usiku. Tukalifunga na mashuka mawili na kamba, akaondoka.

Saa nne na dakika kadhaa simu inaita, namba siijui. Dada wa barafu analia. Mdogo wake kasimamishwa njiani, friji usiku juu ya guta, kaulizwa umetoa wapi kasema nimenunua, risiti iko wapi, hana, aliyekuuzia nani, mama mmoja Tabata, jina lake nani, halijui. Hivyo friji liko kituoni na kijana yuko kituoni. Kituo sikitaji na wala siwalaumu waliomkamata, naomba hilo lieleweke, kwasababu mwaka juzi jirani yetu aliibiwa TV na friji dogo mchana kweupe na vyote vilitoka mtaani kwa guta hivyo hivyo na hakuna aliyeuliza. Kununua mali ya wizi ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu na mtu ukikutwa na kitu kinachotiliwa shaka unatakiwa ueleze umekipataje. Sawa. Ila yule mtoto angeelezaje, na mimi sikumpa hata kipande cha karatasi?

Nikawaachia watoto kwa jirani, nikachukua ile bahasha na bodaboda. Nimefika afande ananiuliza mama una uhakika hili ni lako, nikamwambia mlango wa friza kwa ndani kuna stika ya katuni kabandika mwanangu nikashindwa kuitoa. Wakafungua, ipo. Alafu tukaligeuza tukasoma namba ya mashine kule nyuma kwa tochi, mimi nasoma kwenye waranti yeye anasoma kwenye friji, namba moja moja, kijana kasimama pembeni mikono kaikunja anatufata kwa midomo kama mtu anayesali. Zikafanana zote. Tumetoka pale saa sita na robo. Na friji walikuwa wamelilaza.

Swali langu mhariri, na nawauliza viongozi wa mitaa, hasa hawa wenyeviti tuliowachagua Novemba 2024. Ukiuza kiwanja mnagonga muhuri. Ukiuza gari kuna karatasi, hata pikipiki kuna kadi. Ukihama mnatutaka tuje ofisini tuchukue barua ya kuhamisha vyombo ili tusisumbuliwe njiani, na mimi nilikuja nikaichukua, elfu kumi nikatoa na risiti sikupewa, hilo nalo tuliache leo. Lakini barua hiyo inanilinda mimi ninayeondoka na vitu vyangu tu. Huyu anayenunua friji langu kwa hela aliyokusanya mia mia kwenye barafu hana kinachomlinda. Wakati watu wanaohama ni wengi, tangu serikali iseme 2016 kwamba inahamia Dodoma mpaka leo tunaondoka familia kwa familia na kila familia inaacha kochi na friji nyuma.

Ninachoomba ni kitu kidogo tu. Ofisi ya mtaa iwe na daftari la mauziano, kama lile la wageni ambalo tayari mnalo. Muuzaji na mnunuzi wanakuja na vitambulisho vya NIDA, inaandikwa kitu gani, namba ya mashine kama ipo, bei, tarehe, sahihi zao na shahidi mmoja, muhuri, mnunuzi anaondoka na nakala. Bure, au kama lazima kilipiwe basi kwa risiti. Najua mtu atasema mwizi naye atakuja kuandikisha. Aje tu! Aje na kitambulisho chake na sura yake mbele ya mwenyekiti aseme hili friji ni langu, mimi sidhani kama watajipanga foleni. Na wengine watasema ofisi zinafungwa saa tisa na nusu watu wako kazini, hilo kweli, basi hata Jumamosi asubuhi masaa matatu, mbona vikao vya mtaa tunafanya siku za mapumziko na tunakuja.

Mpaka hapo litakapokuwepo hilo daftari, sisi wauzaji tuache uvivu. Mimi baada ya usiku ule kila nilichouza nimekiandikia, hata meza ya chakula, karatasi ya daftari la mtoto, jina langu, jina lake, namba za simu, bei, mjumbe wetu anasaini. Wengine walinicheka, mama meza ya elfu themanini unaiandikia mkataba? Nikawaambia we chukua.

Kabati la vyombo ndo halijauzwa mpaka leo, lipo kwenye korido ya jirani, kila tukiongea anaanza na kabati.

Dada wa barafu niliwasiliana nae wiki iliyopita, nilikuwa na wasiwasi na ule usiku friji lilivyolazwa. Akasema waliliacha siku nzima bila kuliwasha kama nilivyowaambia na linagandisha vizuri, ubuyu wa asubuhi saa nane umeshakuwa jiwe. Ile karatasi niliyomwandikia kituoni usiku ule kaipeleka steshenari wameipiga laminesheni, kaibandika kwenye mlango wa friji, juu kidogo ya bei za barafu.

Mama Wawili,
zamani Tabata, sasa Dodoma