Barua kwa mwanangu: hesabu yako ya 720720

Bukavu

Mwanangu mpendwa,

Hapa nyumbani hatujambo. Picha ya kaye yako imefika kwenye simu, na mamako amecheka sana kuona chini ya swali la kuhesabu vigawo vya 720720, yaani namba zote zinazoigawa bila baki, umeandika "namba hii ni kubwa mno" kisha ukaacha ukurasa mtupu. Mwalimu wenu huko Lubumbashi hakuiokota njiani. Sahau ukubwa, itazame sura yake: ni 720 iliyoandikwa mara mbili. Tarakimu tatu zozote ukizirudia hivyo, umezizidisha kwa 1001, na 1001 ni 7 × 11 × 13. Nusu ya kazi imekwisha hata biki hujaishika! Inabaki 720, yaani 16 × 9 × 5. Ndani ya 16 mna 2 nne, ndani ya 9 mna 3 mbili.

Sasa vigawo. Kwa kila namba tasa, ile isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, tazama imetokea mara ngapi, uongeze moja. Ile 2 inakupa 5, ile 3 inakupa 3, na 5, 7, 11 na 13 kila moja inakupa 2. Zidisha: 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2, vigawo 240. Chini ya milioni moja hakuna namba inayopita hapo, wala hakuna iliyo ndogo kuliko hii inayofika. Namba za aina hiyo, zinazozishinda kwa vigawo zote zilizozitangulia, mwanahisabati Ramanujan wa India alizichambua katika makala ndefu ya mwaka 1915. Halafu chukua 999983. Ni kubwa kuliko yako, lakini ni tasa: ina vigawo viwili basi.

Wagiriki wa kale walizipanga namba kwa njia nyingine, kwa kujumlisha vigawo na kuiacha namba yenyewe. Kwa 6 unapata 1 + 2 + 3, sawasawa na 6, wakaiita kamili. Yako inatoa 2529072, mara tatu na nusu yake. Hiyo wangeiweka kwenye zilizozidi, tena zilizozidi mno.

Kile mnachokiita PPCM cha 1 hadi 16, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote hizo, ndicho hicho hicho 720720. Kikundi cha akiba cha mamako kingekuwa na franka hizo siku ya kugawana, wawe 7, wawe 11, wawe 13, hakuna ugomvi. Wakiwa 16 kila mmoja anabeba 45045. Akiongezeka wa 17 zinabaki franka 5, ambazo siku hizi hata peremende huzinunulii.

Nakuachia jirani yake, 720721. Kwa 2 hadi 16 usihangaike, kila mara itabaki 1. Anza na 17, uendelee na namba tasa tu; ukifika 839 bila kupata kigawo, basi ni tasa. Omba kikokotoo kwa shangazi yako, na umsalimie.

Baba yako