Leseni niliyoilipia imefia kwenye kompyuta iliyoungua

Sinza, Dar es Salaam

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO YA KUZUIWA KUTUMIA PLAGINI NILIZONUNUA KWENU

Mimi ni prodyuza, nina studio ndogo Sinza. Mwaka 2021 nilinunua kwenu plagini, yaani programu ndogo za kumiksi sauti, kwa shilingi 780,000: leseni ya kudumu, kompyuta mbili. Nakala ya risiti nimeiambatanisha.

Tarehe 3 mwezi huu umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu na kuunguza mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta yangu. Fundi amefunga nyingine. Diski ilipona na kazi zote zimo. Ila plagini zenu huitambua kompyuta kwa mazabodi yake, kwa hiyo kwao hii ni mashine ya tatu. Nafasi moja bado inashikiliwa na laptopu iliyoibwa mwaka 2023, nyingine na mazabodi iliyoungua. Mlinijibu kwamba ili kuachia nafasi, nifungue programu kwenye kompyuta ile ile ya zamani nikaondoe leseni. Mara tatu nimeeleza kwamba haiwaki. Mara ya tatu mkanitaka ninunue leseni nyingine kwa nusu bei.

Naomba mjue kilichokwama. Nimerekodi nyimbo 11 za kwaya moja ya hapa jijini. Kijana aliyeongoza sauti ya tatu alifariki mwezi uliopita, na wenzake wameniomba nimiksi upya nyimbo mbili alizoongoza, zipigwe siku ya arobaini yake. Sauti yake kavu, isiyomiksiwa, ninayo. Lakini alikuwa na kawaida ya kuusogelea maiki akiimba chini na kurudi nyuma akipandisha, na ile kompresa ya kusawazisha sauti niliyoihangaikia usiku kucha hadi ikamtuliza, pamoja na riverbu, yaani mwangwi, iliyomkalisha katikati ya wenzake, vyote vimo ndani ya plagini zenu. Leo nikifungua projekti, kila baada ya sekunde chache kelele ya plagini zilizokosa leseni inapita juu ya sauti ya marehemu, na vipimo vimefunikwa na dirisha la kudai leseni, hata kuvinakili kwa mkono siwezi. Mama yake alikuja studio kumsikiliza mwanawe. Ilinibidi nizime spika.

Sipingi programu kuwekewa kufuli. Kazi zangu nimezisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, nami nala kwa hakimiliki. Ndiyo maana nilikataa kraki za bure, yaani nakala zilizovunjwa kufuli, nikalipa. Ninachopinga ni kufuli lisilomfikiria mteja aliyepatwa na janga. Mwenye leseni kwenye kidude cha USB cha iLok, kompyuta ikifa, hukichomoa akakichomeka kwenye nyingine. Cockos, waliotengeneza Reaper, programu ya kurekodi muziki, humpa mteja faili la leseni akaiweka programu kwenye kompyuta zake zote, mradi atumie moja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo njia zipo, na wenye biashara hawajafilisika kwa kuzifuata.

Naomba mfute nafasi zote mbili kwenye akaunti yangu kutoka huko kwenu, bila malipo, na mwondoe kabisa sharti la kompyuta ya zamani kuwaka. Naomba pia mnieleze kwa maandishi itakuwaje siku mtakapozima seva zenu za kuhakiki leseni. Steinberg, kampuni ya programu za muziki, walipofunga eLicenser, huduma yao ya kuhakiki leseni, Mei 2025, waliwatangazia wateja mapema wakajiandaa. Ninyi mliniuzia neno "kudumu". Nina haki ya kujua linadumu hadi lini.

Nasubiri jibu ndani ya siku saba. Nisipolipata, nitapeleka risiti na majibu yenu yote matatu Tume ya Ushindani, FCC, kama malalamiko ya mlaji. Lakini kabla ya hapo naomba mnifungulie projekti hizi mbili tu, hata kwa leseni ya muda. Arobaini ni tarehe 28.

Mteja wenu,

Prodyuza na mmiliki wa studio