Mashine za gemu zipimwe pia kwa mikono

Mhariri,

Makala yenu kuhusu mashine za gemu zinazochezwa mkononi na kwenye televisheni ilihesabu upana wa skrini, saa za betri na nafasi ya kuhifadhia. Mikono haikuhesabiwa, na kwangu mikono ndiyo iliyoamua.

Nimeshona nguo miaka 31. Kifundo cha mkono wa kulia kilianza kukaza zamani, na nikishika kitu kwa viganja vilivyokaribiana, nusu saa haiishi vidole vishakufa ganzi. Nilipotaka kununua, mwanangu alinishauri nichukue Nintendo Switch Lite, mashine ya gemu ya kushikwa mkononi tu. Hoja yake haikuwa mbaya: bei yake ni ya chini, na ina gramu 275 tu, wakati Switch ya OLED (jina la aina ya skrini yake) iliyotoka mwaka 2021 hufika gramu 420 pamoja na vidhibiti vyake. Ukisoma namba hizo tu, utamchagulia mgonjwa wa mikono ile nyepesi.

Lakini Lite ni kipande kimoja. Gramu zake zote unazibeba wewe muda wote unaocheza. Hii ya OLED, ambayo ndiyo niliyonunua, nachomoa vidhibiti viwili ubavuni, kila kimoja gramu 50 hivi, na skrini naisimamisha mezani kwa kiegemeo chake cha nyuma, kipana karibu sawa na mashine yenyewe. Mkono mmoja naulaza pajani, mwingine juu ya mto. Mabega yanashuka. Usiku maumivu yanaponinyima usingizi, naiweka kwenye stuli kando ya kitanda, najiegemeza, mikono yote miwili iko ndani ya shuka na ni vidole gumba tu vinavyofanya kazi.

Mwandishi wenu alisema asiyesafiri analipia bure hiyo sehemu ya mkononi. Mimi sisafiri, ila nyumbani kwangu televisheni ni moja na wenye kuitaka ni wengi. Wakitaka mpira, naichomoa mashine kwenye kitako chake kinachoiunganisha na televisheni, naenda nayo chumbani, na gemu inaendelea palepale nilipoiachia. Mjukuu wangu akija, kila kidhibiti kikilazwa kinatosha mchezaji mmoja, basi kwa gemu zinazoruhusu tunacheza wawili bila kununua cha ziada. Hiyo ndiyo thamani niliyoipata, na naipata karibu kila siku.

Nakubali kwamba picha yake haishindani na ya zile mashine kubwa za kukaa sebuleni. Kwenye televisheni inaishia 1080p, yaani mistari 1080 ya picha, na kwenye skrini yake yenyewe 720p. Aliye na mikono mizima na televisheni yake peke yake ana haki ya kuchagua vingine.

Ninachoomba, mkilinganisha tena, mtuandikie ni uzito gani unaobaki mkononi skrini ikishawekwa mezani, na mwandishi acheze saa nzima kabla ya kusema kitu kinashikika vizuri. Wenye baridi yabisi tunasoma gazeti hili, na waliowahi kuvunjika mkono pia. Mnaweza kuanza na Switch 2 ya mwaka 2025: skrini yake ni ya inchi 7.9, na vidhibiti vyake hunasa kwa sumaku. Kidole kibovu kinahitaji nguvu kiasi gani kuvitoa?

Fundi cherehani, msomaji wenu