Witri ya rakaa tatu kwa salamu moja inasihi

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako kuhusu sala ya witri, yaani sala ya usiku yenye rakaa zisizogawanyika kwa mbili, ambayo katika baadhi ya misikiti ya hapa Bukavu imeanza kuzua mabishano baada ya isha. Vijana waliorudi kutoka masomoni huunganisha rakaa tatu kwa salamu moja, na wazee, waliozoea kuswali mbili, kutoa salamu, kisha kuongeza moja, huwaambia kwamba sala hiyo haikusihi.

Imesihi. Wazee wetu wanafuata madhehebu ya Imamu Shafii, yaliyotufikia kutoka pwani kwa njia ya mji wa Kasongo huko Maniema, na kwa madhehebu hayo witri ni sunna iliyokokotezwa, yaani iliyohimizwa sana bila kuwa faradhi, ambayo uchache wake ni rakaa moja na wingi wake kumi na moja. Kutenganisha ndiko bora, lakini kuunganisha kunajuzu. Wafuasi wa Imamu Abu Hanifa huihesabu kuwa ni wajibu, huketi kwa tashahudi baada ya rakaa ya pili bila kutoa salamu, na husoma kunuti, ile dua ya kusimama, kabla ya kurukuu mwaka mzima, ilhali sisi huisoma katika nusu ya mwisho ya Ramadhani, baada ya kuinuka kutoka kwenye rukuu. Katika sura za kusomwa hakuna ugomvi mkubwa: Al-Aala, Al-Kafirun na Al-Ikhlas, ila sisi huongeza Al-Falaq na An-Nas katika rakaa ya tatu.

Linalonisikitisha kuliko mabishano hayo ni kwamba wengi wakishaswali witri mapema hudhani wameufunga usiku, na hata wakiamka saa tisa hurudi kulala. Mtume (S.A.W.) alisema kwamba hakuna witri mbili katika usiku mmoja, hakusema kwamba baada ya witri hakuna sala. Aliyeamka na aswali rakaa mbili mbili kadiri awezavyo, ila asiirudie witri. Katika hadithi ya sahaba Jabir iliyopokewa na Imamu Muslim, anayechelea kutoamka ataswali witri mwanzoni mwa usiku, na anayetumaini kuamka ataichelewesha, kwa kuwa sala ya mwisho wa usiku hushuhudiwa. Abu Bakari aliitanguliza na Umar aliichelewesha, wala hakuna aliyelaumiwa kati yao.

Huo mwisho wa usiku, yaani theluthi yake ya mwisho, hupatikana kwa kugawanya kwa tatu muda ulioko kati ya magharibi na alfajiri. Sisi tulio karibu na ikweta tuna wepesi ambao ndugu zetu wa Ulaya hawana, kwani urefu wa usiku wetu haubadiliki sana, na theluthi hiyo huanza karibu saa saba usiku mwaka mzima.

Kwa kuwa katika Ramadhani witri huswaliwa kwa jamaa baada ya tarawehe, ningewaomba maimamu watangaze kabla ya takbira kama watatoa salamu baada ya rakaa ya pili au la, ili maamuma, anayeswali nyuma ya imamu, aweke nia yake akijua anachokifuata.

Msomaji wenu,
Kadutu, Bukavu