Vitunguu vya maua sikutumii

Tengeru, Arusha

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, mvua imeanza na matope ndiyo hayo. Umeniomba vitunguu vya yale mayungiyungi meupe uliyoyaona kwenye picha. Nakujibu mapema usije ukangoja bure: sikutumii.

Ua hili kwao ni visiwa vya kusini mwa Japani, na bila kupigwa na baridi halichanui vizuri. Mwaka wa kwanza unafurahi, kwa kuwa muuzaji ameshaviweka vitunguu kwenye baridi. Mwaka unaofuata unaambulia majani. Kwa hiyo mashina yakishakauka navichimbua, navifunika na maranda yenye unyevu kidogo, natia kwenye friji wiki 6 hivi. Hapo ndipo ugomvi na mama mkwe unapoanza. Friji, anasema, ni ya chakula. Tena vyenyewe vina magamba yaliyopangana, ukivitazama haraka unadhani kitunguu saumu. Juzi nimekikuta kimoja kwenye kinu, tangawizi imeshatangulia!

Kisha kuna fuko. Anapita chini kwa chini, asubuhi unakuta mmea umelala, ukiugusa unakuja wote mkononi na chini hakuna kitu. Siku hizi napanda kwenye ndoo zilizotobolewa, kitunguu kikae kama sentimita 15 chini, udongo uchanganywe na mchanga, maana maji yakituama kinaoza.

Lakini likichanua, Rehema, we acha tu. Tumba linavimba polepole, ukijani unafifia, halafu unaamka siku moja limefunguka lote. Jioni harufu inaingia hadi jikoni, inashinda ya dagaa. Zile ncha zenye vumbi la njano nazikata kwa mkasi mapema. Vumbi likikuangukia kwenye dera usifute kwa maji, bandika selotepu ulinyanyue.

Sasa wewe una paka, na yule wako hulamba kila kitu. Mayungiyungi haya ni sumu kali kwa paka: jani, lile vumbi, hata maji ya chombo ulichowekea maua, yanaharibu figo na kumuua. Hapo sijataja joto la Tanga.

Halafu una asumini mlangoni, inachanua bila kulazwa kwenye friji! Ukija Desemba niletee vipandikizi vyake, vifunge kwenye gazeti lililolowa. Paka mwache kwa jirani.

Wasalimie wote nyumbani.

Rafiki yako,
Neema