Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayetaka kuwa mjumbe

Kwako mpwa wangu,

Uliponieleza kwamba unakusudia kugombea ujumbe wa Mkutano Mkuu wa Taifa wa CCM katika uchaguzi wa chama wa 2027, uliniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri kwenye simu: ikiwa mwaka 2030 mtaletewa majina matatu ili mteue mgombea urais wa chama, wote wakiwa watu waliolelewa na chama kimoja, wanaonadi ilani moja na kuahidi mambo yale yale, utamchaguaje mmoja wao?

Julai 1995 mimi na mama yako tulikaa karibu na redio, yeye akiandika kura za Mkutano Mkuu wa Dodoma kwa penseli nyuma ya kalenda. Katika duru ya kwanza Jakaya Kikwete alipata 534, Benjamin Mkapa 459 na Cleopa Msuya 336. Kwa kuwa hakuna aliyevuka nusu, Msuya aliondoka na wajumbe wakapiga kura upya. Mkapa akapata 686, Kikwete 639. Mama yako alipiga hesabu palepale: Mkapa ameongeza 227, Kikwete 105. Aliyeongoza mwanzo alishindwa, na kura zilizoamua zilikuwa za wale ambao mtu wao hakuwemo tena kwenye karatasi. Ndiyo maana nakusihi usiingie ukumbini na jina moja tu moyoni. Mjumbe anayejua wa pili wake ni nani, na kwa sababu gani, hayumbishwi na minong'ono katika muda ule mfupi kati ya duru mbili.

Hofu yangu kubwa iko kwingine. Sera zinapolingana, watu hutafuta tofauti katika kabila, dini, mkoa au upande wa Muungano. Katika uteuzi wa mwaka 2005 Dk. Salim Ahmed Salim, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu na kisha Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) kuanzia 1989 hadi 2001, alienezewa maneno juu ya asili yake na juu ya Hizbu, chama cha siasa cha Zanzibar cha enzi za kabla ya Mapinduzi. Kura zake zikawa 476, za Kikwete 1,072. Sisemi kwamba bila maneno hayo angeshinda. Nasema kwamba hakuna aliyestahili kupimwa kwa kipimo hicho, na hadi leo jambo hilo linaniuma.

Wewe mpime kila mmoja kwa madaraka aliyokwisha kuyashika, kwa sababu ilani ni ya chama na haitakuonyesha tofauti yao. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zilisema nini kuhusu wizara aliyoiongoza, naye alizijibu vipi? Alipokosolewa, alijibu hoja au alimwandama mkosoaji? Aliposhindwa, je, alikubali? Kikwete, baada ya kushindwa 1995, alimtumikia Mkapa kama Waziri wa Mambo ya Nje kwa miaka 10, na mambo ya namna hiyo yanaeleza tabia ya mtu kuliko hotuba yoyote ya kuomba kura.

Tena, usiku wa kuamkia kura, mtu akikugongea mlango wa nyumba ya wageni akiwa na bahasha na kukuambia ni nauli tu, usiipokee hata kwa haya. Mwambie nauli yako imelipwa na sisi tuliokutuma, kisha ufunge mlango.

Mjomba wako